Metali Hunata Bila Kuyeyuka

Mashine nyingi zinazojenga vipuri vya metali tabaka kwa tabaka huyeyusha unga kwa leza. Kasoro yake kila fundi wa kuchomelea anaijua: metali iliyoyeyuka hujivuta inapoganda, na ikijivuta vibaya hupasuka. Aloi ya alumini ya 7075, inayopendwa na waunda ndege, ni korofi hasa. Mwaka 2017 watafiti wa HRL Laboratories, California, walilazimika kupamba unga wake kwa chembe ndogo mno zenye zirkoni ndipo leza ikaujenga bila nyufa.

Lakini kwani lazima kuyeyusha? Nyuso mbili za metali zilizo safi kabisa zikibanwa pamoja, atomu zake hushikana zenyewe. Kizuizi ni ngozi ya oksidi, ambayo kwenye alumini ina unene wa nanomita chache tu, nayo ukiikwangua hewani hurudi papo hapo. Kwa hiyo anayetaka kujenga metali ikiwa yabisi ana kazi moja kubwa: kuivunja ngozi hiyo na kubana metali kwa metali kabla haijaota tena.

Jibu linalonivutia zaidi lilipatikana bila kutafutwa. Katika miaka ya 1980 huko Novosibirsk, Anatolii Papyrin na wenzake walikuwa wakichunguza, ndani ya handaki la upepo, jinsi hewa yenye chembe inavyopita kwenye vitu kwa mwendo unaoshinda sauti. Chembe za mwendo mdogo ziliparuza uso zilioupiga, kama ilivyotarajiwa. Zilipovuka kasi fulani, zikaanza kunata. Wengine wangeusafisha uso huo na kuendelea na jaribio lao. Wao wakaanza kuuliza kasi hiyo ni ipi.

Kwa shaba ni takriban mita 500 kwa sekunde. Kuifikia, naitrojeni au heliamu yenye shinikizo kubwa hupashwa moto, kisha hupitishwa kwenye nozeli inayobana katikati na kupanuka mwishoni. Gesi inapotanuka hupoa na kushika kasi, ikibeba unga ambao haujafika kiwango cha kuyeyuka. Chembe inapogonga, kingo zake hutiririka ingawa ni yabisi, oksidi hupasuka na kurushwa nje, na metali mpya hukandamizwa juu ya metali mpya. Yote hayo huisha katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Wataalamu bado wanabishana kama kinachotawala ni joto la chembe kupondwa, linalolainisha kingo, au ni wimbi la shinikizo peke yake, ila hakuna anayebisha kuhusu kasi. Heliamu, kwa wepesi wake, huzidi naitrojeni kwa kasi. Bei yake ndiyo huwarudisha wengi kwenye naitrojeni.

Wengine walipita njia nyingine. Dawn White wa Marekani alianzisha kampuni ya Solidica mwaka 1999, akiunganisha karatasi nyembamba za metali kwa mtetemo wa mara 20,000 kwa sekunde, unaosugua oksidi hadi isambaratike. Kampuni ya MELD ya Virginia husukuma ufito wa alumini kupitia kifaa kinachozunguka, ukalainika kwa msuguano na kukandikwa juu ya tabaka lililotangulia. Mbinu hiyo ni mjukuu wa uchomeleaji wa msuguano wa kukoroga uliobuniwa na taasisi ya TWI, Uingereza, mwaka 1991.

Sasa gharama za mbinu ya kupuliza unga. Kilichopulizwa hutoka kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa kuwa kila chembe imepondwa. Mara nyingi lazima kipashwe moto tanurini ili kupata unyumbufu. Umbo lake pia ni la kukadiria, lazima likerezwe. Mifereji myembamba ya ndani isahau.

Ndiyo maana naona ushindi wa mbinu hii uko kwenye ukarabati kuliko kwenye maumbo mapya. Jeshi la Marekani limeitumia kufufua maboksi ya gia ya helikopta yaliyotengenezwa kwa magnesi, metali isiyopenda kuchomelewa. Mwaka 2020 jeshi la Australia lilipeleka mashine ya kupuliza unga ya kampuni ya SPEE3D porini, kaskazini mwa nchi, ili litengeneze vipuri huko huko. Anayetaka umbo tata aende kwa leza. Mwenye kipuri kikubwa kilicholika, kisichovumilia moto, aanze na unga unaopulizwa.