Kaburi au Mfereji? Uhakiki wa Mafunzo ya Makumbusho Kuhusu Misri ya Kale

Utangulizi

Makumbusho ni matini. Kama ilivyo hadithi au tamthilia, huchagua la kusema na la kunyamazia; humpa mmoja nafasi ya kunena na mwingine nafasi ya kusikiliza tu. Kwa sababu hiyo yastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya sanaa. Makala haya yanakusudia kuhakiki tawi moja la matini hayo, yaani shughuli ambazo makumbusho huwaandalia wazazi pamoja na watoto wao kuhusu Misri ya kale. Hadhira itakayotumiwa kuzipima ni mtoto wa Kithimani, katika nyanda za Yatta huko Machakos, akiwa ameandamana na nyanya yake.

Umbo la shughuli hizo lajulikana. Maonyesho ya hazina za Tutankhamun yaliyofanywa British Museum, London, mwaka 1972 yalitazamwa na watu zaidi ya milioni 1.6, yakadhihirisha jinsi kaburi la mfalme linavyoweza kuvuta umati. Katika shughuli za watoto pia, kaburi ndilo kiini. Mtoto hupaka rangi kinyago cha dhahabu, huandika jina lake kwa hieroglifu, kisha huviringishwa karatasi laini mpaka afanane na maiti. Mzazi hushika mkoba na kungoja. Vitabu vya watoto na filamu hueneza umbo hilohilo hadi Afrika Mashariki, nalo huigwa kwa urahisi kwa kuwa lapendeza na halina gharama kubwa. Swali ni kama lafaa kuigwa.

Maneno yaliyotangulia

Kosa la kwanza la matini haya ni kudhani kwamba mtoto huja mtupu. Mtoto asemaye Kiswahili hukutana na Misri kabla hajafika makumbusho. Katika Kiswahili, neno Firauni, lililotufikia kutoka Kiarabu, si jina la cheo tu. Ni tusi kwa mtu mwovu aliyepindukia mipaka, na ufirauni ni uovu wenyewe. Mtoto aliyelelewa kanisani humjua kwa jina la Farao, mfalme aliyewatumikisha Waisraeli kwa ukatili. Mtoto kama huyu akipewa taji la karatasi na kuambiwa ajifanye mfalme wa Misri, ana haki ya kuuliza kwa nini anaalikwa kumshangilia mdhalimu. Mafunzo yasiyokuwa na jibu kwa swali hilo hayajamfikia.

Neno la pili lina uzito zaidi. Neno ambalo Wazungu hutumia kwa maiti iliyokaushwa na neno letu mumiani yana asili moja, nayo ni neno la Kiajemi na Kiarabu lililotaja dutu nyeusi mithili ya lami iliyotumiwa kama dawa. Huko Ulaya jina hilo lilihamia kwenye maiti za Misri, na kwa karne kadhaa unga wa maiti hizo uliuzwa madukani kama dawa ya kunywa. Huku kwetu kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaieleza mumiani kuwa dawa iliyoletwa kutoka Uajemi, ambayo wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa. Wakati wa ukoloni uvumi wa mumiani ulienea sana, ukiwahusisha wazimamoto na watumishi wengine wa serikali na unyonyaji wa damu. Hivyo, chumba chenye maiti ndani ya kioo, ambacho kwa mtoto wa London ni mchezo wa kutisha kidogo, chaweza kumkumbusha nyanya wa Kithimani jambo zito: miili ya watu kuchukuliwa na wenye nguvu. Wala hofu hiyo si ujinga. Ni hoja kuhusu haki ya kumweka marehemu hadharani, na makumbusho yenyewe bado yanaijadili.

Maji na kazi

Kosa la pili ni la maudhui. Kuiingia Misri kwa mlango wa kaburi ni kuitazama kwa jicho la mfalme na la mvumbuzi wa hazina. Misri ilisimama juu ya maji na kazi. Mwaka wake ulikuwa na majira matatu: mafuriko, kuota kwa mimea, na mavuno. Wakulima walichimba mifereji, na kuanzia enzi ya Ufalme Mpya waliinua maji kwa shadufu, mti mrefu wenye ndoo upande mmoja na uzito upande wa pili.

Hapa mtu wa Kithimani si mgeni. Jina la mji wake katika Kikamba latokana na kithima, yaani kisima. Mfereji wa Yatta, unaochota maji ya Mto Thika na kuyapeleka katika nyanda hizo kavu, ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Nyanya aliyekulia kando ya mfereji huo anajua maana ya zamu ya maji, ya ugomvi wa mipaka, na ya kazi ya kulazimishwa. Akisimuliwa kwamba mafundi waliochonga makaburi ya wafalme waligoma katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu kwa sababu posho yao ya nafaka ilicheleweshwa, hatahitaji mkalimani wa historia. Yeye ndiye atakayemfafanulia mjukuu.

Fasihi ya Misri nayo yatoa nafasi kama hiyo. Katika kisa cha kale cha mkulima mwenye ufasaha, mtu maskini asafiri na punda wake kwenda kutafuta chakula. Mwenye tamaa amzibia njia nyembamba iliyo kati ya shamba na mfereji; punda mmoja atafuna shayiri, na punda wote wanyang'anywa. Mkulima ajitetea mara tisa mbele ya mkubwa mpaka apate haki yake. Kisa hiki chaweza kuigizwa na watoto bila karatasi wala gundi, na mahali ambapo punda bado hubeba maji hakihitaji maelezo marefu.

Suala la umiliki

Yaweza kupingwa kwamba kulinganisha Yatta na Nile ni kulazimisha. Pingamizi hilo lina uzito, kwani mfereji mmoja haufanyi dola, na undugu wa kazi si undugu wa damu. Katika kongamano la UNESCO lililofanyika Cairo mwaka 1974, Cheikh Anta Diop na Théophile Obenga walitetea Uafrika wa Misri kwa hoja za historia na lugha, na wataalamu wengine hawakukubaliana nao katika kila jambo. Mafunzo ya familia hayawezi kuumaliza mjadala huo. Hata hivyo hayana ruhusa ya kuuficha. Mtoto wa Kenya hufundishwa katika Makumbusho ya Nairobi kwamba mifupa ya kale kutoka Turkana ni sehemu ya historia yake. Akiisha kutoka hapo akakuta Misri imehamishiwa miongoni mwa maajabu ya Ulaya, bara lake limekatwa kichwa mbele ya macho yake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba udhaifu wa shughuli hizi hautokani na mchezo, kwani mtoto hujifunza kwa kucheza. Udhaifu wake ni kumnyamazisha mzazi. Zinaitwa shughuli za familia, lakini maarifa yote hukaa kwa mwongozaji, na mkubwa wa familia hugeuzwa mchukuzi wa mizigo. Mafunzo yanayofaa yangeanza kwa kumwuliza nyanya: Firauni ni nani? Mumiani ni nini? Mfereji ule ulichimbwa na nani? Baada ya majibu yake, kinyago cha dhahabu chaweza kuletwa, na mtoto atajua kuuliza ni nani aliyekitengeneza, na kama alilipwa posho yake.