Jinsi ya Kukagua Toyota ya Ngong Road

Toka Prestige uelekee Dagoretti Corner na utazipita yadi za magari mfululizo. Kila yadi imezipanga Toyota mbele, pua zikitazama barabara. Muuzaji wala hajichoshi kuzinadi. "Hii ni Toyota, boss," anasema, kisha anakuachia bei. Geukia Mazda au Nissan ya mwaka uleule, yenye kilomita zilezile na pengine viti vizuri zaidi, na bei itashuka. Pengo hilo la bei ndilo sifa ya Toyota ikiwekwa kwenye mizani. Anayelilipa ana haki ya kujua kama bado kuna kitu ndani yake.

Naona kipo, ila hakimo katika kila gari lenye nembo ile. Sifa hiyo Nairobi ilijengwa na Corolla za miaka ya 90, kisha zikafuata zile tunazoziita NZE, na Probox iliyotoka 2002. Injini ya 1NZ ya NZE na Probox ni lita 1.5, haina turbo, taimingi yake ni ya cheni badala ya mkanda, na nyuma yake kuna giaboksi ya mkono au otomatiki ya hatua nne tu. Fundi wa Kawangware huifungua kando ya barabara asubuhi na jioni umerudi nyumbani nayo.

Sasa tazama sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake, kila Januari mwaka mmoja wa magari unafungiwa mlango Mombasa, na zile zilizotujengea imani zilikwisha kufungiwa kitambo. Fielder inayoshuka melini leo karibu kila mara ni ya giaboksi ya CVT au ya haibridi. Hata Probox imekuwa ya CVT tangu 2014. Unalipia jina lililochumwa na gari jingine.

Tusijidanganye pia kwamba zamani zote zilikuwa dhahabu. Mafundi wa mji huu walizikimbia injini za D-4 za lita 2.0, 1ZZ za mwanzo zilikunywa oili, na Prado za dizeli za 1KZ-TE zilijulikana kwa kupasuka silinda hedi. Kule Japani nako mambo yameharibika kidogo. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota iliyounda Passo, ilisimamisha kusafirisha magari yake yote baada ya udanganyifu katika majaribio ya usalama. Juni 2024 Toyota yenyewe ikasimamisha Fielder, Axio na Yaris Cross kwa kasoro za data za uidhinishaji. Hayo hayahusu kuharibika njiani, lakini anayekuuzia uaminifu hapaswi kukutwa akirekebisha majibu ya mtihani.

Basi acha nembo, kagua gari. Piga simu jana yake na useme lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna jambo mtu alitaka kulimaliza kabla hujaja. Likiwa baridi, mtu mwingine aliwashe wewe ukiwa nyuma ya egzosi. Moshi wa buluu unaotoka mara moja na kupotea, au unaorudi ukikanyaga mafuta, ni oili inayoungua. Cheni ikilia kama sarafu kwenye kopo kwa sekunde chache za kwanza, jua oili haikubadilishwa kwa wakati.

Kabla ya hapo, injini ingali baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Toyota huweka kulanti ya rangi ya waridi. Ukikuta maji ya kahawia, kuna mtu aliyekuwa akijaza ya bomba. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji ya sufuria huchemka yakifika takriban nyuzi 94. Kinachoiokoa injini ni presha inayoshikiliwa na kifuniko kile kidogo pamoja na kulanti sahihi. Raba ya kifuniko iliyopasuka ni ya kubadilisha. Kutu ndani ya rejeta ni ya kukufanya uondoke.

Kuhusu kilomita, usiamini dashibodi peke yake. Tazama raba ya pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Kisha vuta kila mkanda wa kiti hadi mwisho: chini kabisa kuna kitambulisho chenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa mchanga kuliko mingine, pengine erbegi iliwahi kufyatuka. Inua zulia la buti, uchungulie kisima cha tairi la akiba. Silanti ya kiwandani imenyooka, ya gereji imepakwa kwa kidole. Dai karatasi ya mnada ya Japani: gredi R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa, na XX kwenye mchoro ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi "ilipotea melini" amekujibu tayari.

Halafu liendeshe, na usiikwepe foleni. CVT huonyesha tabia yake ikishapata moto. Kaa nayo kwenye msongamano, kisha panda James Gichuru hadi Waiyaki Way na uendelee kuelekea Kangemi. Kwenye mlima, ondoa gari taratibu kutoka kusimama. Likitetemeka chini ya kilomita 20 kwa saa, au likivuma kwa sauti nyembamba inayopanda huku mwendo haupandi, rudisha funguo. Uliza pia giaboksi iliwekwa mafuta gani. CVT ina mafuta yake, na wengi huitilia mafuta ya otomatiki ya kawaida (ATF) kwa kuokoa shilingi. Linki zikigonga kwenye matuta usishtuke, hizo ni bei rahisi na zinakusaidia kuomba punguzo.

Wanunuzi wengi huogopa haibridi kwa sababu ya betri. Mimi naona haibridi ya Toyota inalistahili jina la zamani kuliko CVT ya mkanda. Giaboksi yake ni gia za sayari na mota mbili, haina mkanda wa kuteleza, wala injini haina stata wala altaneta. Adui yake hapa ni vumbi. Katika Aqua, tafuta tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma. Likiwa limezibwa na nyuzi na mchanga, betri imekuwa ikipumua kwa shida.

Nusu ya sifa ya Toyota, hata hivyo, iko Kirinyaga Road, kule wazee wanakoita Grogan, ambako spea ya NZE hupatikana kabla ya chakula cha mchana. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na wakati huo ndiyo iliyoaminiwa nchini. Leo ukiiona ni ya mpenzi wa magari ya kale, kwa sababu spea na mafundi walipungua. Toyota nayo imeshinda Safari zote za ubingwa wa dunia kuanzia 2021 hadi 2025, na ushindi huo haukuambii lolote kuhusu Vitz ya yadi. Bora uende Kirinyaga Road kabla ya kulipa, uulize bei ya giaboksi ya gari unalolitaka. Ukiwa huko omba plagi za iridiamu uzitazame: ncha ya ile halisi ni nyembamba na imesimama katikati, ya bandia ni nene na mara nyingi imeinama. Duka linalokuruhusu kuifungua pakiti na kuikagua mwangani ndilo la kurudia siku ya sevisi.