Idadi ya Wasemaji wa Kiswahili: Takwimu Isiyohojiwa Darasani

Aghalabu mhadhara wa kwanza wa isimujamii ya Kiswahili hufunguliwa kwa idadi. Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, idadi inayotajwa zaidi ni ile ya shirika hilo: wasemaji zaidi ya milioni 200. Mwanafunzi huinakili, huikariri, na kuirejesha katika mtihani. Ni nadra kuulizwa imepatikanaje.

Udhaifu wa ufundishaji huu hudhihirika kwa hesabu sahili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu milioni 47.6, ile ya Tanzania ya mwaka 2022, milioni 61.7. Hata kila mkazi akihesabiwa kuwa msemaji, pamoja na mtoto mchanga asiyeanza kutamka, jumla ni milioni 109.3. Zaidi ya milioni 90 zinazosalia hazina budi kutafutwa Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko. Nako Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa na husemwa hasa mashariki, sensa ilifanywa mwaka 1984, kisha miongo kadhaa ikapita bila ya nyingine. Si lazima idadi hiyo iwe ya uongo. Lakini sehemu yake kubwa ni makisio, na yafaa ifundishwe hivyo.

Aidha, kabla ya kuhesabu sharti kifafanuliwe kinachohesabiwa. Je, msemaji ni yule wa Lamu aliyelelewa katika lugha hii, mwanafunzi wa Nyeri anayeisoma kama somo, au mchuuzi wa Kampala ajuaye maneno ya kupatana bei tu? Sensa za Tanzania zimeuliza juu ya kusoma na kuandika Kiswahili, jambo lisilolingana na kukisema: mkongwe wa Pemba asiyejua kusoma ni msemaji kindakindaki, ila hamo katika hesabu hiyo.

Wapo watakaohofu kwamba kuihoji idadi ni kuidunisha lugha. Hofu hiyo haina msingi. Mwanafunzi wa leo ndiye mpangaji wa kesho wa vitabu na walimu. Asipozoeshwa kuuliza ni nani aliyehesabu, lini, na kwa kigezo gani, atapanga kwa ajili ya wasemaji wasiokuwako na kuwasahau waliopo.