Neno "Kipandikizi" na Mzigo Liliotwishwa

Katika maandishi ya tiba yanayofasiriwa siku hizi, neno *kipandikizi* limetwishwa mzigo usiolifaa. Mwanamke aliyekatwa titi kwa ajili ya saratani aweza kuelezwa kwamba atatengenezewa jingine kwa kutiwa kipandikizi. Kisha akaambiwa kwamba kipandikizi hicho kitafunikwa kwa kipandikizi cha ngozi. Jirani yake naye ana vipandikizi vya uzazi wa mpango mkononi, ambavyo wengi huviita vijiti. Vitu vitatu, jina moja. (Tuliache lile *pandikizi la mtu*, ambalo halijamdhuru mgonjwa yeyote.)

Mkulima wa mpunga ndiye mwenye neno. Mche hung'olewa kitaluni, hutiwa jarubani, na ukishika umepandikizwa. Mfuko wa silikoni haushiki kamwe. Mwili huujengea utando kuuzunguka, na utando huo ukikakamaa huuminya mfuko, titi likawa gumu na lenye maumivu. Kinachoshika ni ile ngozi iliyokwisha kuondolewa seli, kwani seli na mishipa ya damu ya mgonjwa mwenyewe huingia ndani yake. Kwa haki, basi, neno lingekuwa la ngozi. Lakini umma umekwisha kulipa kazi katika uzazi wa mpango, na umma haunyang'anywi neno. Mimi ningependelea *mfuko bandia wa titi* kwa kile cha silikoni, na *kiraka cha ngozi* kwa hicho kinachoushikilia kwa chini. Watakuwapo watakaosema kwamba kiraka ni neno la cherehani. Ni kweli, na daktari hapo anashona.

Wanaodhani kwamba huu ni ubishi wa makamusi tu, na watazame matokeo ya utafiti wa hospitali 8 za Uholanzi yaliyochapishwa mwaka 2017. Kati ya wanawake 59 waliotengenezewa titi kwa hatua moja kwa mfuko na kiraka, 27 walipatwa na matatizo ya upasuaji. Kati ya 62 waliotengenezewa kwa hatua mbili bila kiraka, ni 11. Hapana budi kuongeza kwamba makundi hayo yalitofautiana kwa hatua pia, si kwa kiraka pekee. Jambo la kumshughulisha mfasiri ni kwamba watafiti walihesabu pia matiti ambayo ilibidi kuondolewa mfuko, au kiraka, au vyote viwili. Kwa istilahi tulizonazo sentensi hiyo itasomeka: "kuondolewa kipandikizi, au kipandikizi, au vyote viwili". Mgonjwa atatia sahihi chini ya maneno hayo?

Kiraka nacho hakitoshi kutajwa kwa jina tupu. Vingine hutokana na ngozi ya binadamu aliyefariki, vingine ya ng'ombe, vingine ya nguruwe; kilichotumika Uholanzi, Strattice, ni cha nguruwe. Mwislamu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kisu, akaulize anaowaamini, aamue mwenyewe. Mfasiri anayeandika "tishu ya kibiolojia" amemfumba macho kwa adabu. Isitoshe, viraka havilingani kwa hatari. Machi 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba takwimu ilizozichunguza zilielekea kuonyesha matatizo makubwa zaidi kwa FlexHD na AlloMax kuliko kwa aina nyingine, nayo ikakumbusha kwamba haikuwa imeidhinisha kiraka chochote cha namna hiyo kwa kazi ya kutengeneza titi. Kwa hiyo chanzo na aina viandikwe katika jina lenyewe: *kiraka cha ngozi ya nguruwe*, na kuendelea.

Yaliyobaki ni mepesi. Majimaji yanayojikusanya kidondani yaitwe hivyo hivyo, *majimaji*, yasichanganywe na usaha. Ngozi iliyokosa damu *imekufa*. Kusema "imedhoofika" ni kumhurumia msomaji mahali pasipofaa. Lakini *maambukizi* yanahitaji uangalifu, kwa sababu titi lenye kiraka huweza kuwa jekundu bila vijidudu vyovyote, na wekundu huo hauponywi kwa viuavijasumu. Uandikwe *wekundu wa kiraka*, na *maambukizi* yaachiwe vijidudu.