Mzega wa Seva Mbili

Pwani, kabla mabomba hayajafika kila uchochoro, mchota maji alibeba mzega: mti begani, debe huku na debe huku. Ukimwona akipita ungedhani kazi yake ni nguvu tu. Lakini debe moja likipungua, mti huinama na bega huanza kuuma. Kwa hiyo alichota kwa kupima, akatia majani juu ya maji yasimwagike, akatembea kwa mwendo wa kunesanesa uliofuata mti. Kubeba hata punda anaweza. Kugawa ndiko kulikotaka fundi.

Mama aliponiuliza siku moja kazini nafanya nini hasa, nikamwambia: natengeneza mizega. Alicheka, lakini sikumdanganya. Tovuti yenye seva moja huanguka siku wageni wanapojaa. Ukiongeza ya pili na ya tatu, lazima awepo wa kusimama mbele na kuelekeza: wewe huku, wewe kule. Huyo ndiye tunayemwita loadi balansa. Zamani ulimweka mwenyewe kwenye mashine yako, kwa programu kama HAProxy, ambayo Willy Tarreau wa Ufaransa aliitoa mwaka 2001. Tangu 2009 kampuni ya Amazon hukukodishia kwa saa, ukamwita kutoka popote ulipo.

Nilipoanza kazi nilikuwa namwita kwa kubofya. Nafungua ukurasa, nachagua hiki, naweka alama pale, kimekwisha. Kaka mmoja ofisini, fundi kuliko sisi sote, alikaa nyuma yangu kimya mpaka nikamaliza. Kisha akauliza: "Sasa mdogo wangu, kesho mimi nitajuaje mkono wako ulipita wapi?" Nikakosa jibu. Akanivutia dirisha jeusi la terminali, akasema: "Hapa utasema unachotaka. Kwa maneno."

Kusema huko ndiko ninakokusifu. Chukua mfano wa kazi iliyowekwa kwenye seva za Amazon zilizoko Cape Town, eneo lililofunguliwa mwaka 2020 likiwa na zoni tatu, yaani sehemu zilizotengana. Amri ya kwanza ni `aws elbv2 create-target-group`: kabla hujaushika mti, unataja kundi la watakaopokea mzigo. Ya pili ni `create-load-balancer`, nayo inadai jina lisilozidi herufi 32 na subneti (vipande vya mtandao) zisizopungua mbili, kila moja katika zoni yake. Ukiipa subneti moja inagoma papo hapo. Haikubali mzega wenye ncha moja. Ya tatu, `register-targets`, hutundika seva kwenye kundi. Ya nne, `create-listener`, humweka msikilizaji kwenye poti 80 na kumwambia akisikia mgeni ampeleke wapi.

Kila kitu kinapoumbwa, amri hurudisha jina lake refu, mlolongo wa herufi na tarakimu unaovuka upana wa skrini, na amri inayofuata haikitambui ila kwa jina hilo. Wengine hunakili na kubandika mpaka wachanganye. Kaka alinifundisha kulifungia jina refu ndani ya jina fupi nililochagua mwenyewe. Basi faili langu mpaka leo lina mstari unaoanza `MADEBE=$(aws elbv2 create-target-group`, na chini yake `MZEGA=$(aws elbv2 create-load-balancer`. Kompyuta haijali naliita nini. Ninayejali ni mimi, kwa kuwa nikilisoma faili baada ya miezi sita naelewa kilichoning'inia kwenye kipi.

Siku ile ya kwanza seva zangu zilikuwa mbili, Unguja na Pemba, kila moja ikiwa na ukurasa mmoja uliotaja jina lake. Tukaandika `aws elbv2 wait load-balancer-available`, tukasubiri dakika chache, kisha nikaanza kubisha hodi kwa `curl` kila sekunde. Unguja. Pemba. Unguja. Pemba. Nilitazama kama mtoto anayetazama watu wakitwanga kwa kupokezana.

Kaka akaingia Pemba, akaizima nginx, programu inayotoa ukurasa wake. Hodi yangu iliyofuata ikajibiwa Unguja, kisha kosa namba 502, kisha Unguja, kisha 502 tena. Nikataka kukimbilia kibodi. Akanishika mkono: "Tulia, ikaguliwe." Haikupita kama dakika moja, skrini ikawa Unguja, Unguja, Unguja.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli aliye mbali na mzigo huuona mwepesi daima. Loadi balansa imenyimwa upofu huo. Usipoiambia vingine, kila sekunde 30 huiendea kila seva na kuuliza kama bado inaweza. Seva ikishindwa kujibu mara mbili mfululizo, hupumzishwa. Lakini ikipona hairudishiwi wageni kwa jibu moja zuri, sharti ijibu vizuri mara tano mfululizo. Tulipoiwasha Pemba tena tulihesabu dakika mbili na nusu kabla jina lake halijarudi kwenye skrini. Mara mbili kuvunja imani, mara tano kuirejesha: nawajua watu wanaotumia hesabu hiyohiyo, na siwalaumu.

"Na zote mbili zikiugua?" nikauliza. Akasema hapo inazigawia zote vilevile, maana kubahatisha jibu ni afadhali kuliko kumfukuza kila mgeni mlangoni.

Jioni tukautua mzega, kwa kuwa loadi balansa hulipiwa kila saa hata kama hakuna mgeni aliyepita. Nikakosea: nikaanza kufuta madebe. Amri ikakataa, kwa sababu yalikuwa bado yametundikwa. Nikafuta mti kwanza, kisha madebe yakakubali. Kwenye terminali hata kutua kuna utaratibu wake. Ukiacha seva zenyewe, sikubaki na kitu ila lile faili, mistari isiyofika ishirini.

Asubuhi nilichelewa, foleni ilikuwa ya kawaida yake. Nilipofika, kaka alikuwa ameshalifungua faili na kulisoma toka juu hadi chini. Hakuniuliza neno. Aliliendesha zima kwa amri moja, akaenda kuchukua chai, na aliporudi na vikombe viwili Unguja ilikuwa inaitika, kisha Pemba, kisha Unguja.