Ubao wa Kugusa Uko Ukutani, Kable Iko Kabatini

Bandugu, nianze na aibu yangu mwenyewe, kusudi mtu asiseme ninakosoa wengine tu.

Muhula uliopita, shule moja ya kilimo hapa Mususa iliniomba niwape wanafunzi wa mwaka wa mwisho somo juu ya mnyauko wa migomba. Vipindi viwili tu. Nilijiandaa sawasawa. Ndani ya mashini yangu kulikuwa picha 40 nilizopiga mashambani, upande wa Beni na upande wa Lubero. Nilikuwa na hadubini ndogo ya USB, ile unachomeka kwenye mashini na kitu kidogo kinaonekana kikubwa kama sahani. Kipande cha shina lenye ugonjwa nilikifunga ndani ya plastiki mbili, nikipanga kukichoma baada ya somo, juu ya kutosambaza ugonjwa. Nilitaka wale vijana waone kwa macho yao ute wa manjano ukitoka. Mtu akiuona mara moja, hausahau tena.

Nilipouliza kama nilete projekta, mkubwa wa shule alicheka: «Acha, Ingé, sisi tuko na ubao wa kugusa.»

Ni kweli, ulikuwepo. Mkubwa kuliko meza ya kulia, bado una plastiki yake pembeni. Nikachomeka kable ya HDMI, picha ikaja. Darasa likapiga makofi, nami nikatabasamu kama mtu aliyevumbua umeme. Kisha nikagusa ubao ili kupitisha picha. Kimya. Nikagusa tena. Nikakaza kidole. Kioo kinanitazama tu. Nikachomeka hadubini moja kwa moja kwenye ubao, ikakatala. Nikazima, nikawasha. Jenereta inalia nje, petroli inaungua, saa inaenda.

Dakika 50 ziliisha hivyo. Tukamwita papa zamu, akasema: «Kable zingine ziko ndani ya karto, karto iko mu kabati, funguo ya kabati iko na prefe, naye alienda Beni.» Mwishowe binti mmoja wa nyuma, ambaye jioni anasaidia yaya wake kutengeneza simu sokoni, aliinua mkono: «Mwalimu, samahani. HDMI inaleta picha na sauti tu. Kidole haipitake mule. Inaomba kable ingine ya USB, ile ya kichwa ya mraba.»

Alikuwa amejua tangu dakika ya tano. Yeye alinyamaza juu ya heshima. Mimi, mwenye licence, nilinyamaza juu ya kiburi. Hapo ndipo ukosoaji wangu unaanzia, na ninaupanga kwa sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kifaa chenyewe. Ubao wa kugusa tunauona kama kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Iko televisheni kubwa. Iko kioo kinachosikia vidole. Na mara nyingi ndani yake iko kompyuta ndogo ya Android, ndugu ya ile ya simu yako. Ukileta mashini yako na kable ya HDMI peke yake, unatumia ile televisheni tu: picha na sauti zinatoka kwako kwenda ubaoni. Mguso unapaswa kusafiri kinyume, kutoka ubaoni kurudi kwenye mashini, na njia yake ni kable ya USB inayoingia kwenye tundu lililoandikwa TOUCH. Mara nyingi kichwa chake ni kile cha karibu mraba, kama cha printa. Tena, mbao nyingi zina matundu kadhaa yenye namba: HDMI ya 1 inaenda na TOUCH ya 1, HDMI ya 2 na TOUCH ya 2. Ukizichanganya, unabisha kwenye mlango wa jirani huku mwenyeji wako amelala.

VGA ya zamani haibebi hata sauti. USB-C inaweza kubeba picha, sauti na mguso kwa kable moja, lakini si kila tundu la USB-C linajua kutoa picha. Simu nyingi za bei ndogo tundu lao ni la kuchaji na kupitisha faili, basi.

Sababu yake ni ya kihistoria. USB ilitoka mwaka 1996 kwa ajili ya kuunganisha vifaa na kompyuta. HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002 kwa ajili ya televisheni za sebuleni. Ni familia mbili tofauti, na ubao wa kugusa umezifungisha ndoa bila kumweleza mwalimu. Hapo ninawalaumu waliotengeneza ule ubao niliokutana nao. Una rangi nzuri, una michoro ya kila aina, lakini haukuweza kuandika sentensi moja tu: «Kable ya mguso haipo.» Matundu yako nyuma, yamebanwa na ukuta. Maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Na orodha ya maagizo iko katika Kiingereza, kwenye mji ambapo tunafundisha kwa Kifaransa, tunafafanua kwa Kiswahili, na tunacheka kwa Kinande. Kifaa kinachonyamaza wakati kimekosewa kinamfanya mwalimu aonekane mjinga mbele ya watoto. Hiyo ni kasoro kubwa, hata kama kioo kinang'aa.

Sehemu ya pili ni ununuzi. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wakubwa wetu wanafika Guangzhou na Dubai, mizigo inapita Mombasa, Kampala, Kasindi, mpaka inatua kwetu. Hakuna Mnande anayenunua pikipiki bila kuuliza mnyororo, vipuri na fundi. Lakini tukifika kwenye ubao wa shule, tunasahau biashara yote. Tunauliza ukubwa wa kioo. Hatuulizi kama kable ya mguso iko ndani, kama ina urefu wa kutoka ukutani hadi mezani (na kable ya kawaida ya USB 2.0 ikipita metro 5 haina uhakika tena), kama kuna kifaa cha kutuliza umeme wa jenereta, kama kuna mtu atakayefundisha walimu. Siku ya ufunguzi watu wanakata utepe, wanapiga picha, wanakunywa sucré. Kesho yake kable zinafungiwa kabatini juu ya kuogopa wezi. Wizi uko, sikatai. Lakini ubao uliofungiwa kable zake umekwisha kuibiwa, tofauti ni kwamba mwizi amekuachia kioo.

Na ile pesa ni ya nani? Ni ya mzazi aliyeuza kahawa au mbuzi kulipa masomo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kampuni SMART ya Calgary, huko Canada, ilitoa ubao wake wa kwanza wa aina hii mwaka 1991. Shule za sekondari za London zilipowekewa mbao hizo kwa wingi, Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London ilifanya tathmini, ikatoka 2007. Haikuona kwamba matokeo ya wanafunzi yalipanda kwa sababu ya mbao hizo katika mwaka ule wa kwanza. London, yenye umeme usiku na mchana! Kumbe kuweka ubao ni jambo moja, kufundisha nao ni lingine. Kenya nayo, ilipoanza mradi wake wa tableti katika shule za msingi mwaka 2016, haikupeleka tableti za watoto peke yake: kulikuwa na vifaa vya mwalimu, projekta na seva ya masomo. Sisemi mradi ule haukuwa na kasoro. Ninasema tu kwamba kuna mtu aliyekaa chini akajiuliza: hiki kitaongeaje na kile?

Sehemu ya tatu ni sisi wenye diploma. Tumesoma miaka mitano, tunaweza kukutajia jina la kilatini la bakteria, lakini kuuliza «hii kable ni ya nini?» inatuuma kooni. Mwanafunzi anayejua ananyamaza, mwalimu asiyejua anaendelea kugusa kioo. Ile ni dakika 50 za heshima ya uongo.

Kuna wenzangu wanaosema: basi turudi kwa chaki, mambo yaishe. Mimi ninakatala, na nitawaambia juu ya nini. Yule binti alipokwisha kusema, nilichomeka hadubini kwenye mashini, siyo kwenye ubao, na HDMI ikapeleka picha. Nikabonyeza Windows na P, nikachagua «Dupliquer». Mguso haukuwepo, nikaongoza kwa mashini. Nikakata lile shina. Ute wa manjano ukaanza kutoka polepole, matone makubwa kama ngumi juu ya kioo. Darasa zima likanyamaza. Kijana mmoja akasimama: «Mwalimu, ile iko mu shamba ya mama yangu.»

Hicho ndicho kitu chaki haiwezi kukipa darasa la watu wengi kwa wakati mmoja. Lakini ilibaki nusu saa na kidogo. Nilieleza jinsi ugonjwa unavyosambazwa na wadudu kwenye ua la chini la mgomba, na kwa panga lililokata mgonjwa kisha likakata mzima. Kuhusu kuondoa lile ua kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga motoni au kwenye maji ya javel, na kung'oa shina lenye ugonjwa, niliyataja nikikimbia, mwalimu wa hesabu akiwa mlangoni. Yule kijana alinifuata mpaka nje: walikuwa wakitumia panga moja kwa shamba lote. Nilimjibu tukiwa tumesimama kando ya jenereta. Wengine wangapi walikuwa na swali kama lake na hawakunifuata?

Basi hukumu yangu ni hii. Ubao wa kugusa ni chombo kizuri chenye lugha mbaya, kilichonunuliwa kwa macho na kutunzwa kwa hofu. Kable zake mbili zifungwe pamoja, zipewe alama ya rangi, zikae mezani. Funguo iwe na mtu anayelala karibu. Mwalimu aje dakika 15 mapema ajaribu, na awe na masomo yake katika PDF kwenye flashi, ikiwa mashini itakatala. Anayetaka programu ya kuandika juu ya ubao, OpenBoard iko ya bure: asili yake ni Chuo Kikuu cha Lausanne, ikapita katika mradi wa Sankoré uliolenga shule za Afrika, kisha Geneva ikaiendeleza. Haiombi intaneti ili kuandika. Na zaidi ya yote, siku ya kwanza ya mafunzo, yule binti wa nyuma aalikwe mbele.

Nanyi, bandugu, kwenye shule yenu kable ya mguso iko wapi? Mezani au kabatini? Mimi nitarudi kwa ile shule muhula huu, na mara hii kable nitainunua mwenyewe sokoni.