Kuku Watano Kwenye Baridi

Julai, Iguguno huamka na upepo. Unaanza kabla ya jua, unavuka mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, unazoa vumbi la barabara kuu ya Singida kwenda Nzega na kulimwaga kwenye kila mlango. Hiki ndicho kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, na watoto wa darasa la awali hufika shuleni wamevaa kila walichonacho: sweta juu ya sweta, kofia za sufu, soksi mguu huu nyekundu na mguu ule kijani. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa nimekaa mkekani nyuma ya darasa, nikamwona mwalimu amepiga magoti mbele ya mvulana mwenye sweta la mtumba. Kifuani sweta lilikuwa na nyota kubwa nyeupe.

"Nyota yako ina ncha ngapi?"

Mtoto aliinamisha kidevu mpaka kikagusa shingo, akaanza kugusa ncha moja moja kwa kidole. Alipomaliza mzunguko hakujua kwamba amemaliza. Akaendelea, akafika kumi na tatu. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alitoa mfukoni kibanio cha kuanikia nguo, akabana ncha moja ya nyota, akasema, "Basi tuanzie hapa." Mtoto akaanza upya, pole pole, midomo ikitembea pamoja na kidole, na alipokikaribia kibanio akasimama mwenyewe. "Nane." Akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani: "Mwalimu, ziko nane!"

Nimewahi kukaa na maseremala, wahunzi na washonaji, nikashangaa jinsi mkono unavyojua kabla mdomo haujasema. Kibanio kile nakiweka kwenye daraja hilo. Mtoto hakuwa na upungufu wa majina ya namba. Alikuwa nayo mpaka kumi na tatu na pengine zaidi. Kilichomtatiza ni kwamba duara halina mwanzo. Mwalimu aliliona hilo kwa dakika moja, na akaliondoa bila kumnyang'anya mtoto kazi yake ya kuhesabu.

Sisi wazazi hujivunia mtoto anayeimba namba. Mgeni akifika, mtoto huitwa sebuleni: "Hebu mhesabie mjomba." Naye hutiririka kutoka moja hadi ishirini, na mjomba hupiga makofi. Lakini mwambie mtoto huyo huyo akuletee vijiko vinne, atakuletea vyote vilivyoingia mkononi. Kuimba namba ni jema, ila bado ni wimbo. Mwaka 1978 Rochel Gelman na C. R. Gallistel walichapisha kitabu kuhusu namna mtoto mdogo anavyoielewa namba, wakayataja yale anayopaswa kuyashika: kila kitu kipate jina moja tu la namba, pasiwepo kinachorukwa wala kurudiwa, majina yafuatane kwa mpangilio ule ule siku zote, jina la mwisho ndilo linalosema viko vingapi, kitu chochote kinahesabika, na popote utakapoanzia, jibu halibadiliki. Karibu yote hayo yalikuwa pale, kwenye sweta la mtumba na kibanio.

Na ile nyota ilikuwa theluji. Masweta ya baridi yanayotufikia kwenye marobota ya mitumba hutoka nchi ambako wafumaji wamezoea kuweka kifuani ua la ncha nane, hasa wale wa Norwei, na watu wengi hulitazama kama chembe ya theluji. Chembe ya kweli ina mikono sita. Mwanafalaki Johannes Kepler aliandika kijitabu kizima mwaka 1611 akijiuliza kwa nini iwe sita kila mara, isiwe tano wala saba. Katika darasa lile kulikuwa na kitabu kimoja cha picha kilichotoka ng'ambo, kitabu cha majira ya baridi ya huko: miti myeupe, watoto wenye glavu, sanamu la theluji lenye vifungo tumboni. Mwalimu alikifungua palipochorwa chembe kubwa, akamwita binti mmoja aihesabu, kibanio kikiwa pembeni ya ukurasa. Sita. Hapo darasa likagawanyika. Sweta nane, kitabu sita! Ipi ina nyingi? Imeizidi kwa ngapi? Walibishana, mwalimu akawaacha wabishane, na ubishi ule ulikuwa hesabu ya kutoa ambayo haijaandikwa ubaoni.

Wapo wanaosema vitabu vya theluji havimfai mtoto wa Singida, na hoja yao ina uzito. Nilimsikia mwalimu akiuliza kile cheupe ni nini. "Unga." "Chumvi." "Pamba." Mmoja akasema "barafu", akimaanisha ile ya juisi inayouzwa kwenye vifuko, na huyo ndiye aliyekaribia. Mwalimu alipokea majibu yote, akawaeleza kwamba hata nchini kwetu theluji ipo, kileleni mwa Kilimanjaro, kisha akaendelea. Kitabu kigeni hakimdhuru mtoto. Kinampa dunia, na dunia ni haki yake. Lakini kichwa cha mtoto wa miaka mitano kina nafasi yake, na anayehangaika kujua kitu cheupe ni nini hana tena pa kuweka swali la viko vingapi. Kwa hiyo mwalimu yule alifanya jambo ambalo ndilo lililonikalisha kuandika haya. Alitengeneza kitabu cha baridi yake mwenyewe.

Nilikishika. Kurasa zake ni maboksi ya biskuti yaliyokatwa sawasawa, yakashonwa mgongoni kwa sindano ya gunia na uzi wa gunia, ule ule unaofunga magunia ya alizeti na vitunguu. Picha zimechorwa kwa makapeni: nyumba, mti uliolala kwa upepo, bibi aliyejifunika kanga mbili, na tenga la kuku. Tenga limepasuliwa kwa wembe sehemu ya juu, likawa mfuko. Kuku ni watano, wamekatwa kwenye boksi, hawajabandikwa popote. Wanashikwa na mkono wa mtoto. Singida ni mkoa wa kuku wa kienyeji, kuku wanaosafirishwa mpaka Dar es Salaam, na hakuna mtoto wa Iguguno asiyejua kuku hufanya nini upepo unapokaza jioni.

Hadithi ni fupi. Kuku watano wako uani. Baridi inaingia, mmoja anakwenda ndani ya tenga. Hapo mwalimu hafungui ukurasa unaofuata. Anauliza, "Wamebaki wangapi nje?" kisha anakaa kimya. Kimya hicho ndicho sehemu ngumu kuliko zote za ufundi huu. Mwalimu mgeni hukiogopa, hujaza jibu mwenyewe. Huyu alikiacha kikae hadi upepo ukasikika kwenye bati, macho ya watoto yakiwa kwa kuku wa boksi, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa chini ya masweta. "Wanne," mmoja akasema. Mwalimu hakusema ndiyo. Alisema, "Umejuaje?"

Kuku waliingia mmoja mmoja hadi ua ukabaki mtupu. "Wangapi nje?" Darasa likatulia. "Hawapo." "Hamna." Mwalimu akawaambia kwamba kwenye hesabu hiyo "hamna" ina jina lake, nayo huitwa sifuri, akaliandika duara lake hewani kwa kidole. Nilikumbuka kitabu cha Ezra Jack Keats cha mwaka 1962, The Snowy Day, ambamo mtoto anayeitwa Peter anaweka donge la theluji mfukoni, na baadaye mfuko anaukuta mtupu. Huko ni theluji iliyoyeyuka, huku ni kuku waliokwenda kulala. Kote mtoto anatazama mahali palipokuwa na kitu, na pale ndipo sifuri inapoanza kueleweka.

Binti mmoja hakuridhika. Kuku wote walikuwa ndani ya tenga, hawaonekani, naye alitaka uhakika kwamba bado ni watano. Alisogea, akaingiza kidole kwenye mpasuo, akawatoa, akawahesabu, akawarudisha. Mwalimu alimngoja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kulibeba, nalo ni lugha. Kwa Kiswahili, namba haisimami peke yake. Inavaa nguo ya kile inachokihesabu. Kuku wawili, mayai mawili, vibuyu viwili, miti miwili, kofia mbili. Halafu ghafla sita, saba, tisa na kumi zinakataa kubadilika: kuku sita, mayai sita, vibuyu sita. Sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu, zikaingia nyumbani bila kuvua viatu. Watoto wengi wa Iguguno wanatoka kwenye nyumba zinazosema Kinyiramba, lugha ya Kibantu yenye ngeli zake, kwa hiyo mwenendo huu si mgeni masikioni mwao. Kiswahili chenyewe ndicho wanachokijenga shuleni. Mtoto aliposema "kuku mbili", mwalimu alijibu, "Ndiyo, kuku wawili," akaendelea na hadithi. Hesabu ilikuwa sahihi, naye hakukubali sarufi imwonyeshe mtoto kana kwamba amekosa hesabu. Baadaye, mtoto atakapofika kumi na moja, kumi na mbili, lugha hii itamlipa: jina lenyewe linamwambia kwamba pana kumi, na juu yake kuna moja.

Kwa ajili ya hiyo kumi, mwalimu alikuwa na kipande cha trei ya mayai. Trei nzima ina mashimo 30. Yeye alikata safu mbili za matano. Watoto walitia punje za mahindi saba, na kabla hawajahesabu walishaona mashimo matatu yamebaki matupu. Kifaa hicho hakina gharama.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 wazazi hawalipi ada, watoto wakafurika madarasani. Vitabu havikufurika kwa kasi hiyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa sababu ya uhaba huo huo, na umefanya kazi kubwa. Lakini kitabu cha hesabu chenye kipupwe ndani yake, chenye alizeti iliyokatwa na bibi mwenye kanga mbili, bado nilikikuta kimeshonwa kwa uzi wa gunia na mtu mmoja, usiku, baada ya kazi. Naona ni heshima kwake na ni deni kwetu sote tunaoandika na kuchora kwa Kiswahili.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtoto wa miaka minne au mitano, leo jioni usimwombe akuhesabie mpaka ishirini. Mwambie akuletee vijiko vinne. Akileta vitatu au saba, usimsahihishe. Vipange mezani pamoja naye, gusa kimoja kimoja, muulize viko vingapi, kisha nyamaza umsubiri.